Mtoto Huyu ni wa Nani? Jon Snow na Sie



Leo siandiki juu ya posho iliyopunguzwa wala foleni ya maji. Hayo tumeyaandika na tutayaandika tena. Leo naandika juu ya Jon Snow. Ndiyo, yule wa Game of Thrones, mwenye nywele za kujikunja na uso wa mtu ambaye hajalala wiki nzima. Kama bado unaiangalia kidogokidogo kwenye simu ya rafiki na hutaki kuharibiwa utamu, ishia hapa. Ila sizoni ya mwisho ilitoka 2019, kwa hiyo huruma yangu ina mpaka.

Kuna swali lililowakosesha mashabiki usingizi karibu miaka ishirini: huyu kijana ni mtoto wa nani? Maoni yangu ni kwamba jibu walilipata, tena mapema kabisa, lakini wakalisoma vibaya. Na sie tunaoishi huku kambini tuna sababu ya kulisoma vizuri kuliko wao.

Kwanza hadithi, kwa wasioijua. Mwandishi ni Mmarekani, George R. R. Martin. Kitabu cha kwanza kilitoka 1996, cha tano kikatoka 2011, na cha sita watu wanakingoja mpaka leo kama tunavyongoja simu ya nchi ya tatu. Kituo cha HBO kiliigeuza kuwa filamu ya sizoni nane, kuanzia 2011. Ndani yake yuko bwana mmoja wa Kaskazini, Eddard Stark, wanamwita Ned. Ned alienda vitani akamwacha mke wake nyumbani, akarudi na mtoto mchanga mikononi. Akasema: huyu ni wangu, nilimzaa nje. Mama yake ni nani? Hapo Ned akanyamaza, na akawakataza watu wa nyumba yake wasiulize tena. Mtoto akaitwa Jon Snow, kwa sababu kule Kaskazini mtoto wa nje wa bwana mkubwa hapewi jina la baba, anaitwa tu Snow, yani theluji. Mke wa Ned, Catelyn, alilea watoto wake watano huku akimwona yule wa sita ndani ya nyumba kila siku. Hakuwahi kumpenda. Mimi simlaumu sana, nitaeleza.

Mashabiki walikataa maelezo ya Ned karibu tangu mwanzo. Walisema huyu mzee ni mtu wa heshima kupita kiasi, mtu wa namna hii hatoki nje ya ndoa halafu akaishi na aibu yake mezani. Wakaanza kuokota dalili. Na hapa lazima niwape heshima yao, maana waliokota kama mwanamke anavyochambua maharage.

Dalili ya kwanza ni dada wa Ned, Lyanna. Alikuwa amechumbiwa na Robert, rafiki mkubwa wa Ned. Ikasemekana mwana wa mfalme, Rhaegar Targaryen, amemteka. Baba na kaka wa Ned walienda kudai haki, mfalme akawaua. Vita ikalipuka. Robert akamuua Rhaegar mtoni na kukalia kiti chake. Vita ilipokwisha, Ned alimkuta Lyanna kwenye mnara huko jangwani, anakufa kitandani, kitanda kina damu. Kafaje? Kitabu hakisemi. Kinachosemwa tu ni kwamba alimwomba kaka yake ahadi fulani, na ile ahadi inamwandama Ned mpaka kwenye usingizi. Ahadi gani? Hakisemi pia.

Dalili ya pili ni wale walinzi. Chini ya ule mnara walisimama watatu kati ya walinzi bora wa mfalme, watu walioapa kulinda ukoo wake mpaka kufa. Mfalme ameshauawa, mwanawe ameshauawa, na bado hawa watatu wanalinda mnara katikati ya mchanga. Wanalinda nini? Ned alifika na wenzake sita. Walipomaliza kupigana, waliobaki hai ni Ned na mtu mmoja mfupi anayeitwa Howland Reed. Shikeni hilo jina.

Dalili ya tatu naipenda kuliko zote. Kuna mashindano yaliyofanyika kabla ya vita, Rhaegar alishinda, na badala ya kumpa mke wake taji la maua akampita na kumpa Lyanna. Maua ya waridi, ya bluu. Kitabu cha pili, msichana mwingine kabisa, mbali ng'ambo ya bahari, anaona katika maono ua la bluu limeota kwenye ukuta wa barafu. Na Jon wakati huo yuko wapi? Yuko kwenye Ukuta wa barafu, analinda mpaka.

Mashabiki wakaandika hesabu yao kwa herufi: R + L = J. Rhaegar na Lyanna wamemzaa Jon. Kitabu cha kwanza kilikuwa bado kipya sokoni na tayari hesabu ilikuwa inazunguka kwenye intaneti. Hata wale wawili waliotaka kutengeneza filamu, David Benioff na D. B. Weiss, walipokutana na Martin aliwapa mtihani huohuo: mama wa Jon Snow ni nani? Wakajibu vizuri, wakapewa kazi. Tarehe 26 Juni 2016, epizodi ya mwisho ya sizoni ya sita, tukaona wenyewe kitanda, damu, na mtoto akiwekwa mikononi mwa Ned. Mwaka uliofuata tukaambiwa zaidi: wale wawili walifunga ndoa kwa siri, na Jon jina lake ni Aegon Targaryen. Watu walishangilia kama bao la dakika ya tisini. Kumbe ni mfalme! Kumbe kiti ni chake!

Hapo ndipo naposhukia kwenye basi lao.

Ila kabla sijaeleza, niseme kitu cha lugha, ju kimenichekesha muda mrefu. Kiingereza kina neno moja tu, anko. Ned ni anko wa Jon, basi. Anko yupi? Wa upande gani? Wao hawajali. Kwetu neno lipo tayari na linabeba kila kitu: Ned ni mjomba. Ni kaka wa mama. Ukishasikia mjomba hutaki maelezo mengine, unajua mtoto amekimbilia ukoo wa mama yake, na unajua upande wa baba kuna tatizo. Catelyn alipombana mume wake siku moja, Ned alimjibu kwamba Jon ni damu yake na hilo linamtosha kujua. Hakusema uongo! Mjomba anaweza kusema hivyo na akalala vizuri. Kitabu kingeandikwa kwa Kiswahili, Martin angepata shida kuficha. Na ile habari ya Jon kuingia kitandani na Daenerys kabla hawajajua, wazungu walisema tu anti, anti. Jamani, ni shangazi! Dada wa baba! Kwenye kibanda tulipoangalia, mama mmoja aliyekuwa anauza mandazi alitoka nje.

Haya. Kosa la mashabiki ni kwamba waliichukua siri ya Ned kama ufunguo wa kiti cha enzi. Kwao swali lilikuwa: Jon ana haki ya nini? Mimi naona Ned hakuwaza kiti hata dakika moja. Rudini nyuma kidogo. Mji ulipotekwa, walimletea Robert zawadi mbele ya kiti: watoto wawili wa Rhaegar aliozaa na mke wake, msichana mdogo na kaka yake mchanga, wameuawa, wamefungwa katika majoho mekundu ili damu isionekane sana. Robert akatazama na hakuona watoto pale. Aliona vizazi vya majoka, na alisema hivyo. Ned alikuwepo. Waligombana vibaya ju ya hilo. Halafu Ned huyuhuyu, baadaye, anapewa na dada yake mtoto mwingine wa Rhaegar, yuko hai, analia.

Ungefanya nini? Ungesema ukweli?

Tunajua kingefuata, sababu kuna watoto wengine wa ukoo ule waliobaki hai na dunia nzima ilijua ni wa nani. Daenerys na kaka yake Viserys walivushwa bahari wakiwa wadogo, wakakua wakihama mji hadi mji, wakiuza vitu vya mama yao ili wale. Watu walimwita Viserys mfalme ombaomba. Kwa lugha yetu, hao wawili walikuwa wakimbizi, tena wa mjini, wasio na kadi. Na miaka kumi na nne baadaye Robert, akiwa ameshiba na amenenepa, alisikia kwamba Daenerys ana mimba na akatuma wauaji ng'ambo. Ned alikataa kutia mkono, akarudisha cheo chake. Jon wakati huo alikuwa anapumua kwa sababu moja tu, kwamba mtu mmoja mwenye sifa ya kutosema uongo alikubali kuitwa mzinzi.

Na Martin, ambaye ni mjanja, aliweka ndani ya kitabu kilekile siri ya pili ya uzazi ili tulinganishe. Watoto watatu wa Robert, wale wanaoitwa wana wa mfalme, si wake. Malkia Cersei aliwazaa na ndugu yake pacha. Ned aligundua kwa nywele: ukoo wa Robert kila mtoto ana nywele nyeusi, na hawa watatu wana nywele za dhahabu. Mashabiki wanaipenda sana ile sehemu, upelelezi mtamu. Lakini tazameni Ned alifanya nini na ukweli huo mkononi. Hakukimbilia kwa mfalme. Alimwita Cersei pembeni, akamwambia: najua, na nitamwambia mumeo, kwa hiyo chukua watoto wako ukimbie, uende mbali ambapo mkono wake haufiki. Mtu wa serikali anamshauri mama avuke mpaka na watoto usiku. Ilimgharimu kichwa. Na baada yake, askari walizunguka mjini kuwasaka watoto wa nje wa Robert, wale wa nywele nyeusi, mpaka kichanga aliyekuwa ananyonya.

Kwa hiyo katika hadithi moja tuna watoto wa aina mbili. Waliojulikana ni wa nani, wakauawa au wakawindwa. Na mmoja ambaye hakuna aliyejua, akafika umri wa kunyoa ndevu.

Sasa nije kwetu, maana wengine mnajiuliza mbona leo nimeleta majoka.

Vijana wa Kivu, wa Burundi, wa Rwanda, sie swali hili hatukulijulia kwenye filamu. Wabelgiji walipoleta vitambulisho vyenye kabila Rwanda miaka ya 1930, mtoto alifuata kabila la baba. Mama angeweza kuwa chochote. Miaka sitini baadaye, 1994, karatasi hiyohiyo ndiyo ilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani, na kwa wasio nayo watu walisoma pua na urefu, kama Ned alivyosoma nywele. Huko kwetu Kivu vizuizi havikuisha. Baba yako nani? Wa kijiji gani? Mbona unaongea hivi na sura yako iko vile? Kwa hiyo ninaposikia mashabiki wakisema eti kuchunguza damu ya mtu ni mchezo mtamu, nakubali ni mtamu, nimeucheza na mimi. Ila najua pia sauti ya mtu anayeuliza swali hilohilo akiwa ameshika panga.

Na ndiyo maana huku kambini tuna akina Ned wengi. Namjua mama mmoja, simtaji, kwenye karatasi yake wameandikwa watoto sita. Aliozaa ni wanne. Wawili aliwapata njiani akielekea Bunagana, mmoja alikuwa wa jirani yake na mwingine hamjui kabisa, alikuwa amesimama tu kando ya barabara na kopo la maji. Kwenye meza ya kuandikishwa wakamuuliza: wako ni wangapi? Akasema: sita. "Bote ni ba kwangu." Hakufikiria chakula. Alifikiria kwamba akisema ukweli watawatenganisha usiku uleule, na yule mdogo alikuwa ameshika kitenge chake hajakiachia siku tatu.

Miaka ikapita. Familia ikaitwa kwenye intavyuu ya kuhamishwa. Mzazi anaulizwa peke yake, watoto wakubwa peke yao. Ulizaliwa wapi? Nani alikuwepo? Yule mkubwa wa kuokotwa alisema anachokikumbuka, na alichokumbuka hakikulingana na alichosema mama. Kesi ikasimama. Haikukataliwa, ilisimama tu, na waliopitia wanajua kusimama ni nini. Yule kijana aliacha kula nyumbani kwa wiki mbili. Alisema: mimi ndiye nimewafungia mlango.

Kwenu wa mashirika, naomba nieleweke. Sisemi watu hawadanganyi. Wapo wanaouza nafasi kwenye kadi, wapo wanaoandika watoto wa watu ili wapate sahani zaidi, tunawajua na hatuwapendi. Mwaka 2008 Marekani ilipima DNA za watu walioitwa na ndugu zao kupitia ule mpango wa kuunganisha familia, wakianzia Nairobi kwa Wasomali na Waethiopia wengi. Familia ambazo undugu wote uliodaiwa ulithibitika zilikuwa chini ya moja kwa tano. Wengine walikataa kupimwa, wengine hawakutokea. Mpango ukasimamishwa, ukarudi 2012 na sharti la DNA kwa mzazi na mtoto. Kati ya wale walioanguka kulikuwa na matapeli, sina shaka. Lakini najiuliza ni wangapi walikuwa wa namna ya Jon. Kile kipimo kingemwambia Ned: wewe si baba. Na kingekuwa sahihi kabisa! Halafu mtoto angeenda wapi?

Ninachowaomba ni kidogo. Mtoto asipolingana na karatasi, msianze na neno udanganyifu. Anzeni na swali: mama, huyu ulimpataje? Semeni mapema, kabla ya kuuliza, kwamba mtoto wa kulea naye anahesabiwa na hatatolewa kwa sababu ya jibu. Najua kwenye fomu zenu mtoto wa kulea ana nafasi yake. Sie wengi hatukujua. Yule mama angejua ile siku ya kwanza, angesema: wanne na wawili.

Lakini siwezi kumsifu Ned mpaka mwisho, ju kuna jambo alilokosea na linanichoma kuliko lile la kiti.

Alinyamaza mno. Kumficha Robert, sawa. Kumficha mke wake miaka yote ile, sijui. Catelyn aliishi akiamini kuna mwanamke mwingine aliyependwa kiasi kwamba jina lake halitajwi, na hasira yake yote akaimwaga kwa mtoto. Mnaweza kusema Catelyn angeropoka. Labda. Ila mtoto ndiye aliyelipa, kila siku. Halafu Jon mwenyewe. Alikua akijua kwamba mama yake hatajwi, na mtoto ambaye mama yake hatajwi anajitungia. Kwenye filamu, siku wanaagana njiani, Jon anauliza, na Ned anaahidi kwamba wakikutana tena wataongea juu ya mama yake. Hawakukutana tena. Ned alikatwa kichwa kusini, na Jon akayajua hayo kutoka kwa rafiki aliyeyasoma kwenye kitabu cha kumbukumbu, makaburini, usiku, wakati wa vita.

Wangapi hapa wanangoja "ukikua nitakuambia"? Na yule aliyesema hivyo ana sukari, ana presha, ana kikohozi kisichoisha. Wazee wetu walijifunza kunyamaza kwa sababu kunyamaza kuliwaokoa, siwalaumu. Lakini kizuizi cha barabarani kimebaki kule. Msichana mmoja wa hapa alijua kwamba mama yake si mama yake kwenye ugomvi wa sabuni, kutoka kwa binamu mwenye hasira. Miaka kumi na saba. Alichoniambia ni kwamba hakuumia kwa sababu ya damu. Aliumia kwamba mtaa mzima ulikuwa unajua.

Na hapo katikati, kati ya kunyamaza kwa wazee na kujitungia kwa watoto, ndipo nadharia zinapoota. Sie tusiomjua baba ni mashabiki wa maisha yetu wenyewe. Tunaokota dalili. Mbona mimi peke yangu nina kidevu hiki? Mbona bibi akilewa ananiita jina lingine? Na bahati mbaya nadharia zetu zinaelekea palepale za mashabiki: juu. Sijawahi kukutana na kijana kambini anayeota kwamba baba yake ni mchoma mkaa. Baba ni kanali. Baba ana duka la magari Lubumbashi. Baba yuko Canada, anatutafuta, ila wamemficha anwani yetu.

Mnakumbuka Rey wa Star Wars? Msichana aliyeachwa jangwani anaokota vyuma chakavu. Filamu yake ya kwanza ilitoka 2015, na kwa miaka miwili watu waligombana: ni mtoto wa Luke, ni mtoto wa nani. Mwaka 2017 filamu ya pili ikajibu: wazazi wako si kitu, ni walevi waliokuuza. Mashabiki wakakasirika mno, na 2019 wakapewa wanachotaka, kumbe ni mjukuu wa mtawala muovu mwenyewe. Mimi nilisikitika. Lile jibu la 2017 lilikuwa zawadi kwa watu kama sie, na lilinyang'anywa. Msichana wa vyuma chakavu alikuwa na nguvu, na nguvu hazikutoka kwa mtu yeyote anayejulikana.

Wazee wetu wa Kivu walikuwa na akili zaidi hapo. Wanyanga wa Walikale wana hadithi ndefu ya Mwindo, iliandikwa kutoka kinywani mwa Candi Rureke mwaka 1956, ikachapishwa 1969 na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Mwindo hana siri ya baba. Baba yake ni Shemwindo, mtemi, kijiji kizima kinajua, na baba huyo ndiye anayetaka kumuua kwa sababu aliamuru wake zake wazae wasichana tu. Anamrushia mikuki, anamzika, anamfungia kwenye ngoma na kuitupa mtoni. Mtoto anaelea mpaka kwa shangazi yake Iyangura. Kumjua baba hakukumsaidia kitu Mwindo. Tatizo lake lilikuwa baba anayejulikana! Na aliyempokea alikuwa shangazi. Kwa Jon, mjomba.

Basi, mwisho wa Jon uliwaudhi mashabiki wengi. Walingoja akalie kiti. Badala yake siri ikatoka kwa Jon kwenda kwa dada zake, kutoka kwa dada kwenda kwa Tyrion, kutoka kwa Tyrion kwenda kwa Varys, kila mtu akiapa kunyamaza, kama tunavyoapa huku bombani. Varys akachomwa moto, mji ukachomwa moto, Daenerys akafa mikononi mwa Jon, kiti akakipata mwingine kabisa. Jon akarudi Kaskazini kwenye theluji, kwa watu wasiouliza ukoo wake. Watu walisema: sasa ile nadharia ya miaka ishirini ilikuwa ya nini? Haikutumika! Mimi nasema ilikuwa imeshatumika kabla hadithi haijaanza, pale mnarani, pale mtoto alipotoka hai kwenye lile jangwa. Baada ya hapo haikuwa na kazi nyingine kwa mtu yeyote isipokuwa Jon mwenyewe, na yeye alichotaka ni kujua tu mama yake alikuwa nani na kama alimtaka.

Sasa lile jina mlilolishika. Howland Reed, yule mfupi aliyebaki na Ned chini ya mnara. Kwenye vitabu vyote vitano hajatokea hata mara moja, anatajwa tu. Yuko hai, anakaa kwenye kinamasi, kwenye ngome inayosemekana haikai mahali pamoja. Ndiye mtu wa mwisho aliyeona. Mimi Winds of Winter naingoja kwa ajili yake kuliko majoka.

Wengi wetu tuna Howland wetu na anakaa si mbali. Ni yule mzee aliyevuka na mama yako siku ile, yule jirani wa kijiji aliyewekwa zoni nyingine, yule mama aliyebeba godoro lenu. Hana cheo na hakuna anayemwuliza kitu. Nenda na robo ya sukari. Usianze na swali kubwa, anza na njia mliyopita, mvua ilinyesha au haikunyesha, mlilala wapi. Na kama kuna ndugu unayemtafuta, Msalaba Mwekundu wanaandika majina na wanatafuta bila malipo. Wao pia wanaanza na vitu vidogo: jina la kijiji, jina la utani, wimbo, kovu. Nenda na daftari.